Swichi 14 za nyumba ya Tanga: tuliyoyakuta ukutani na tuliyoyakosea wenyewe

Nyumba ni ya matofali ya saruji, vyumba vinne vya mbele na vitatu vya nyuma vilivyoongezwa miaka kadhaa baadaye, karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa jioni unaacha chumvi kwenye vioo vya madirisha. Ilikuwa na swichi 14. Ya varanda ilikuwa inatoa mlio kama mafuta yanayochemka kila ikibonyezwa, mbili zilikuwa zimepasuka, na ya bafuni ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Tukapanga kuzibadilisha zote kwa mpigo, Jumamosi moja, tukiamini jioni taa zitawaka na kazi imekwisha.

Kazi ilichukua siku nne. Kubadilisha swichi yenyewe ni dakika 15. Muda ulikwenda kwenye makosa ya nyaya yaliyokuwa nyuma ya swichi, na mengine tuliyoyaongeza sisi. Ninayaandika kwa sababu nyumba nyingi za pwani zimejengwa kwa awamu hivyohivyo, kila awamu na fundi wake, na aliyekuja baadaye hakujua wa kwanza alipitisha nini wapi. Taa zote zilikuwa zinawaka. Hicho ndicho kilichotudanganya: taa inawaka hata kama waya umekosewa, na kwa makosa mengine itawaka vizuri kwa miaka 20 hadi siku mtu atakapopanda ngazi kubadilisha globu.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Tanzania, kufunga na kurekebisha nyaya za umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, na mita ya LUKU pamoja na waya unaoingia kwenye mita ni mali ya TANESCO, shirika la umeme. Lakiri ya mita haiguswi na mtu mwingine. Tulikuwa na fundi mwenye leseni. Yeye alishika bodi ya fyuzi, vipimo na shawa. Swichi tulizibadilisha tukiwa naye. Yaliyofuata yanaonyesha kwa nini hilo halikuwa suala la karatasi tu.

Kabla ya kununua chochote tulizunguka nyumba na daftari. Kila swichi tuliandika inawasha nini, ni ya taa moja au mbili, na kama taa hiyo inawashwa pia kutoka mlango mwingine. Zoezi hilo la nusu saa lilituokoa, maana dukani swichi ya njia moja na ya njia mbili zinafanana kabisa kwa mbele. Tofauti iko nyuma. Ya njia moja ina matundu mawili ya waya kwa kila kitufe, ya njia mbili ina matatu: COM, L1 na L2. Taa ya korido inayowashwa kutoka pande mbili inahitaji swichi za njia mbili kwenye ncha zote mbili. Ukiweza, nunua za njia mbili kwa nyumba nzima. Bei inazidi kidogo tu, na ya njia mbili inatumika kama ya njia moja kwa kufunga COM na L1. Ikiwa taa inawaka kitufe kikiwa juu badala ya chini, hamisha waya wa L1 uende L2.

Dukani tulikwenda na sumaku ndogo. Swichi nzuri ina vituo vya waya vya shaba ya njano, na sumaku haishiki shaba. Nyingi tulizoonyeshwa kwanza zilikuwa na vituo vya chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na sumaku ilizishika palepale. Skrubu yenyewe inaweza kuwa chuma, hiyo si hoja. Angalia kile kipande ambacho waya unaingia. Kwa hewa ya chumvi, chuma hicho kitashika kutu, kitalegea, na kulegea ndiko kunakoleta joto. Angalia pia maandishi ya nyuma. Swichi ya taa iwe na 10AX: hiyo X ina maana inahimili taa za mirija na taa nyingine zenye mkupuo mkali wa kuanzia bila kupunguziwa uwezo. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, iwepo.

Waya nao tuliukwaruza kwa kisu. Waya wa shaba ni mwekundu mpaka ndani. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba unatoa weupe ukiukwaruza, na rola yake ni nyepesi mkononi. Huo usiuchukue hata ukipewa kwa nusu bei.

Kwa gharama, tulilipa shilingi 3,500 kwa swichi ya taa moja na 5,000 kwa ya taa mbili. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ilikuwa 35,000, tukikataa ya 15,000 kwa sababu haikuandikwa CAT III 600V, yaani kiwango cha kuhimili mikupuo ya umeme wa majumbani. Konekta, tepu na maboksi mawili mapya yalifika 18,000. Kilichotuumiza ni bodi na shawa, nitafika huko.

Kosa letu la kwanza lilitokea saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza. Friji ilikuwa na samaki, kwa hiyo hatukutaka kuzima nyumba nzima. Tulishusha breka iliyoandikwa "TAA" tu, taa zote zikazimika, tukaanza sebuleni. Sebule ilikuwa salama. Chumba cha kwanza, salama. Jikoni, testa ilipogusa waya ikawaka, na multimita ikaonyesha volti 231 kati ya waya huo na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini.

Taa ya jikoni ilikuwa inachukua laivu, waya unaoleta umeme, kutoka njia ya soketi, na nyutro, waya unaourudisha, kutoka njia ya taa. Breka ya taa ilishuka, lakini laivu ya jikoni ilibaki palepale. Kwa nini taa ilizimika wakati breka ya taa iliposhushwa? Fundi aligundua baadaye kwamba breka ile ilikuwa ya kukata laivu na nyutro pamoja. Nyutro ikikatika, taa inazimika kama kawaida, na aliye chini anaona giza na kuamini hakuna umeme. Lingekuwa boksi ambalo tumeamua kutolipima kwa sababu mawili ya kwanza yalikuwa salama, bisibisi na kidole vingekutana na volti 231.

Tangu hapo ilizimwa meni swichi, samaki wakahamia kwa jirani, na kila boksi lilipimwa kwa utaratibu uleule: pima kifaa chako mahali unapojua pana umeme, pima boksi, kisha rudi upime kifaa pale pa kwanza. Kipimo cha tatu ndicho watu wanachokiruka. Bila hicho hujui kama boksi halina umeme au kifaa kimekufa katikati. Meni swichi ikiwa imezimwa, huna soketi hai ya kupimia, kwa hiyo tulimwacha mtu mmoja nyumba ya jirani na kwenda na kifaa hapo hapo. Ni usumbufu. Tuliufanya. Kwenye meni swichi tulibandika tepu na karatasi, "Watu wako kwenye nyaya", maana kuna watoto na wageni wanaoingia na kuona umeme hakuna, wakaenda kuangalia bodi.

Usifanye kazi hii wakati umeme umekatika mtaani kwa kuamini kwamba hakuna moto. Umeme utarudi wewe ukiwa umeshika waya, na wala haurudi kwa kuaga. Na kama nyumba ina sola yenye inveta au jenereta, kuzima meni ya TANESCO hakutoshi. Inveta nayo izimwe na waya wake wa kutoka ukatwe, kwani inaweza kuamka yenyewe mara tu umeme wa nje unapopotea.

Neno kuhusu testa ya bisibisi, kwa kuwa iko mfukoni mwa kila mtu. Kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukisimama juu ya ngazi kavu ya mbao na umevaa ndara za plastiki, unaweza usikione kikiwaka hata waya ukiwa hai. Kwenye mwanga mkali wa mchana pia hukioni. Inafaa kukuambia "pana umeme". Haifai kukuhakikishia kwamba hapana. Multimita nayo ina tabia yake: waya ulioachwa wazi ambao unapita sambamba na waya hai ndani ya bomba moja huonyesha volti 40, hata 90, ilhali hauna nguvu yoyote ya kweli. Tulikuwa na holda yenye globu na vipande viwili vya waya pembeni. Fundi akiigusisha hapo, volti za kivuli zinaanguka hadi sifuri, za kweli zinabaki. Na kabla ya kupima volti, hakikisha kamba nyekundu ya multimita haiko kwenye tundu la 10A. Ikiwa hapo, unapopima umeme unaunganisha laivu na nyutro moja kwa moja kupitia kifaa kilicho mkononi mwako.

Sasa swichi zenyewe. Fungua skrubu mbili, vuta uso wa swichi taratibu, usikate wala kuchomoa kitu. Piga picha. Kisha piga nyingine kwa pembe tofauti, kwa sababu picha ya kwanza daima kuna waya uliojificha nyuma ya mwingine. Funga kipande cha tepu kwenye kila waya na uandike jina la tundu ulikotoka. Hamisha waya mmoja mmoja kutoka swichi kuukuu kwenda mpya, usizichomoe zote kwa pamoja.

Haya yote tuliyajua. Kwenye swichi ya taa mbili ya chumba cha kulia, bado tulizichomoa zote kwa pamoja, kwa sababu vituo vilikuwa vimeshika kutu ya kijani na ilikuwa rahisi kukata. Tukabaki na nyaya tano: mmoja mwekundu, nne nyeusi. Tukadhani nyeusi zote ni nyutro, tukazifunga pamoja kwenye konekta. Umeme ulipowashwa, taa zote mbili hazikuwaka hata tulipobonyeza vitufe. Tukachomoa, tukajaribu mpangilio mwingine kwa kukisia, safari hii kitufe kilipobonyezwa breka ikashuka kwa kishindo na kituo kipya cha swichi kikaungua. Shilingi 5,000 zimekwenda, na tuna bahati ndicho kitu pekee kilichokwenda.

Sababu ni hii, na ndiyo inayowaangusha wengi. Swichi ya taa kwa kawaida haihitaji nyutro. Laivu inaingia COM, inatoka L1 na kupanda kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja. Fundi wa zamani aliyekuwa na rola mbili tu, nyekundu na nyeusi, alitumia nyeusi kwa waya wa kutoka swichi kwenda kwenye taa. Waya huo ni mweusi kwa rangi, ila swichi ikiwashwa ni laivu kamili. Katika boksi lile nyaya nyeusi mbili zilikuwa za kwenda kwenye taa mbili, na nyingine mbili zilikuwa nyutro zilizopita hapo tu kuelekea chumba kinachofuata. Ukiweka nyutro kwenye L1, ukiwasha swichi unagonganisha laivu na nyutro. Ndiyo shoti tuliyoipata.

Rangi zisiaminiwe peke yake. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, kama ilivyokuwa Uingereza. Kule rangi zilibadilishwa kuanzia 2004 kuwa kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro, na nyaya zinazouzwa kwetu leo ni za mifumo yote miwili. Hatari kubwa iko kwenye bluu. Katika mpangilio wa zamani wa fezi tatu, bluu ilikuwa fezi, yaani laivu. Katika mpya ni nyutro. Nyumba yenye upande mkongwe na upande mpya inaweza kuwa na bluu mbili zenye maana zilizo kinyume. Kijani na kijani-njano ndiyo ethi, nayo ipimwe vilevile.

Tulitengua utata ule kwa kupima umeme ukiwa umezimwa. Tulichukua waya mrefu wa mita 10, tukaunganisha ncha moja kwenye holda ya taa husika, ya pili tukaileta kwenye boksi, multimita ikiwa kwenye mlio, yaani inalia ncha mbili zikiwa zimeungana. Waya mweusi uliopiga mlio ndio unaokwenda kwenye taa hiyo. Tukauvisha tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili ili anayekuja baada yetu asidanganyike. Kipande kimoja cha tepu, sekunde tano, na fundi wa kwanza angekifanya tusingeunguza kitu.

Swichi ya taa mbili ina kingine cha kusahaulika: kipande kifupi cha waya kinachopeleka laivu kutoka COM ya kwanza hadi COM ya pili. Swichi nyingi mpya hazina kipande hicho ndani. Ukikiacha, taa moja itawaka na nyingine itakufa, na utaanza kutilia shaka globu.

Korido ndiyo iliyochukua alasiri nzima. Taa yake ilikuwa inawashwa kutoka mlango wa mbele iwapo tu kitufe cha mlango wa nyuma kimeachwa chini. Kila aliyeishi pale alikuwa amezoea, watoto walifundishwa "usiguse cha nyuma". Hiyo ni dalili ya kosa moja mahsusi: kwenye swichi moja kati ya mbili, waya wa COM na waya wa L1 vimebadilishana nafasi. Mpangilio sahihi ni kwamba laivu inaingia COM ya swichi ya kwanza, waya wa taa unatoka COM ya swichi ya pili, na nyaya mbili za kati zinaunganisha L1 na L1, L2 na L2. Pale nyuma, waya wa taa ulikuwa L1 na waya mmoja wa kati ulikuwa COM, kwa hiyo kitufe kikikaa upande mmoja kilikuwa kinaunganisha nyaya za kati zenyewe kwa zenyewe na kuiacha taa nje. Kwa mlio wa multimita waya wa taa ulijulikana, ukarudishwa COM, basi.

Vyumba vitatu vya nyuma vilikuwa na hadithi nzito zaidi. Taa zake za LED zilikuwa zinabaki na mwanga hafifu usiku hata zikizimwa. Mwanga huo wakati mwingine hauna ubaya, ni umeme mdogo unaovuka kutoka waya jirani ndani ya bomba refu. Wakati mwingine ni kilio. Fundi alitoa globu, swichi ikiwa imezimwa, akapima kila kituo cha holda dhidi ya ethi. Volti 229. Swichi za vyumba vyote vitatu zilikuwa zinakata nyutro, laivu ikiwa imelala kwenye holda usiku na mchana. Mtu anayezima swichi, anapanda juu ya meza na kuingiza kidole kutoa kipande cha globu iliyovunjika, anashika laivu.

Tulikuwa tayari kubadilisha nyaya kwenye swichi moja baada ya nyingine. Fundi akatuzuia, na alikuwa sahihi. Vyumba vitatu vikiwa na kosa moja, chanzo ni kimoja. Juu ya dari, pale nyumba ya mbele inapokutana na ya nyuma, tulikuta maungio yamesokotwa na kuzungushiwa tepu: nyekundu kwa bluu, nyeusi kwa kahawia. Aliyeongeza vyumba alibadilisha rangi na kuvigeuza vyote kwa mkupuo mmoja. Tukarekebisha pale, kwenye boksi lenye kifuniko na konekta za skrubu, kisha tukapima vyumba vyote tena. Kama tungegeuza kwenye swichi, mtu wa kesho angerekebisha dari na kuturudisha tulikotoka. Kwa holda za kukunja, laivu iende kwenye kituo cha katikati chini, na nyutro kwenye pete ya nje, kwa sababu pete ndiyo ambayo vidole hugusa wakati wa kukunja globu.

Yale maungio ya kusokota na tepu tuliyakuta sehemu sita. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la dari, shaba huota ukungu wa kijani, mguso unapungua. Kwa taa ya wati 10 hutaona kitu. Kwa shawa utaona.

Swichi ya bafuni, ile iliyogeuka rangi ya chai, ilikuwa ya A (ampea) 20, ikiendesha shawa ya umeme ya wati 5,500 kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Gawa 5,500 kwa 230 unapata A 24 hivi. Swichi na waya vyote vilikuwa vimezidiwa, na skrubu ya kituo kimoja ilizunguka kwa kidole. Mguso uliolegea wenye ohm 0.1 tu, kwa A 24, unatoa karibu wati 58 za joto, sawasawa na globu ya zamani ya wati 60 inayowaka ndani ya ukuta kila mtu anapooga. Plastiki iligeuka rangi kwa sababu hiyo. Tulipitisha waya mpya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi, breka yake ya A 32, na swichi ya A 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ikiwa nje ya bafu, pamoja na ethi ambayo shawa haikuwahi kuwa nayo. Shilingi 210,000 pamoja na kutoboa ukuta. Ilikuwa fedha nyingi kuliko swichi zote 14, na ningeilipa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona swichi ya shawa, kiyoyozi au hita imebadilika rangi, au ni ya moto ukiigusa, acha kuitumia leo.

Kwenye bodi, fundi alipima uimara wa maganda ya nyaya kwa volti 500, globu zote zikiwa zimetolewa na vifaa vimechomolewa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohm 1. Njia ya nyuma ilisoma 0.3. Chanzo kilikuwa boksi la varanda: maji ya mvua yalikuwa yanashuka ndani ya bomba kutoka juu ya paa, na ndani tulikuta tope, kutu na kichuguu cha sisimizi. Sisimizi huingia kati ya vidomo vya swichi, wakiungua wanaacha mabaki, na mlio ule wa mafuta ulitokana na hayo. Tuliziba bomba juu kwa silikoni, tukabadilisha boksi na mita tatu za waya, kipimo kikapanda kupita 50.

Akafunga RCD ya milliampea 30, kifaa kinachokata umeme kikiona uliotoka haurudi wote, kwa soketi na shawa. Breka inalinda waya usiungue. Mtu hufa kwa mkondo mdogo sana kuliko unaoshusha breka, na RCD ndiyo inayomlinda mtu. Usiku huohuo RCD ikawa inashuka kila taa ya jikoni ikiwashwa. Ilikuwa inafanya kazi yake: umeme ulitoka upande wa soketi na kurudi kwa nyutro ya upande wa taa, RCD ikaona uliotoka haukurudi. Tuliipa jikoni laivu kutoka njia ya taa, na kushuka kukaisha. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu.

Mambo madogo yaliyotugharimu muda. Chuna ganda la waya milimita 8 hadi 10, si zaidi. Shaba isionekane nje ya tundu, na skrubu isibane ganda. Waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 ukunje mara mbili kabla ya kuuingiza. Kaza, kisha uvute; ukitoka, ulikuwa haujashika. Acha waya wa sentimita 15 nje ya boksi, na ukiwa mfupi uongeze kwa konekta. Boksi la kawaida la inchi 3 kwa 3 lina umbali wa milimita 60.3 kati ya skrubu zake, na skrubu ni za M3.5, likiwa limezama ndani ya plasta, nunua skrubu ndefu za milimita 50 badala ya kulazimisha, maana uso wa swichi hupasuka kwenye kona. Tulipasua wawili. Swichi zenye uso wa chuma zinavutia, lakini maboksi ya vyumba vya mbele hayakuwa na waya wa ethi, kwa hiyo tulibaki na plastiki.

Gharama yote, na malipo ya fundi, ilifika 535,000. Bajeti ya mwanzo ilikuwa 80,000.

Ndani ya mlango wa bodi sasa kuna karatasi iliyopakwa nailoni, imeandikwa kila breka inabeba nini, maungio ya dari yako wapi, na tarehe ya kipimo. Swichi ya varanda bado haijafungwa. Boksi lina kifuniko tupu, nyaya zimezibwa kwa konekta, breka yake iko chini, tunasubiri ukuta ukauke wiki mbili kabla ya kupima tena.